Kimya cha Emérence

Tangu Alhamisi Nzigire alikuwa hamezi kitu cha kuitwa chakula. Chai aliinywa, tena ya rangi, lakini ugali ulimwangalia naye akauangalia, wakaachana hivyo hivyo. Mumewe Marcellin alikula sehemu zote mbili bila kuuliza, maana alijua. Jumamosi asubuhi wangeondoka Newburg, mtaa wao wa Louisville, kwenda Columbus, na huko Columbus, kwenye mkutano wa nyimbo wa mchungaji Bisogo, angekuwapo Emérence.

Tangazo la mkutano lilikuwa limezunguka kwenye simu za watu wote. Pichani Nzigire alikuwa upande wa kushoto, amevaa kitenge cha bluu chenye maua makubwa. Emérence alikuwa upande wa kulia, kinywa wazi, anaimba, mshipa wa shingo umesimama. Chini yao paliandikwa kwamba Julai hii ya 2016 wataimba pamoja kwa mara ya kwanza tangu wafike Marekani. Mchungaji alikuwa amemwandikia kila mmoja peke yake, na kila mmoja aliandika kwamba atakuja. Watu walishakodi magari kutoka Dayton na Cleveland. Kwa Wakongomani wa Kivu waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, majina hayo mawili yalitamkwa kwa pumzi moja, Nzigire-na-Emérence, kama jina la mtu mmoja. Kanda zao ziliuzwa Uvira na Bujumbura na watu ambao hawakuwahi kuwaona. Kuna mabibi harusi walioingia kanisani kwa nyimbo zao, na kuna marehemu waliosindikizwa kwa nyimbo hizo hizo.

Lakini Emérence hakuwa amemwambia Nzigire hata neno moja tangu mwezi wa kumi na moja. Miezi minane. Na Nzigire aliamini anajua kwa nini.

Katika kwaya yao hakuna aliyesema ametunga wimbo. Mtu husema amepewa. Amepewa akichota maji, amepewa akiwa kwenye foleni ya unga, amepewa akimnyonyesha mtoto. Sasa kama Mungu amempa mtu wimbo, nani mwenye kinywa cha kumwambia wimbo wako ni mbaya? Hakuna. Kwa hiyo tangu kambini wale wawili walijiwekea njia yao. Mmoja akipewa wimbo, anampelekea mwenzake kabla kwaya haijausikia. Mwenzake anausikiliza akiwa amempa mgongo, asije akaona uso unaoomba sifa. Halafu anaondoa kitu kimoja. Ubeti, mstari, neno, hata ile "oo" ya mwishoni. Akishaondoa, wimbo umepita. Lakini akikaa kimya, au akianza kuuliza bei ya dagaa, basi wimbo umekataliwa. Mwenye wimbo anaukunja na kuuweka, na hauimbi tena mbele za watu. Hakuna kuuliza kwa nini, hakuna kununa.

Mkasi wa Emérence ulikuwa mkali. Siku moja Nzigire alimwimbia wimbo wa safari ya kukimbia vita, na Emérence, mgongo umegeuka, akamwita kwa jina la mwanawe, akasema, "Mama Salomon, machozi yako manne mu wimbo moja. Utatuzamisha. Acha moja, batu walie wenyewe." Wimbo ule, wenye chozi moja, ndio uliotoa majina yao nje ya kambi.

Naye Emérence alikuwa mtu wa maneno mengi. Nyimbo zake za mwanzo zilianzia bustani ya Edeni na kumalizikia siku ya mwisho, kwaya imesimama mpaka magoti yanatetemeka. Nzigire alimwondolea, akamwondolea tena, mpaka Emérence akazoea kusema jambo moja na kuliacha liingie.

Hata sauti zao zilijengana hivyo. Nzigire alianza wimbo chini, karibu kama mtu anayezungumza, kwa sababu Emérence angekuja juu. Mwisho wa kila mstari aliacha nafasi ya pumzi tatu hivi, na humo ndimo sauti ya Emérence ilipoingia, nyembamba na kali kama filimbi. Nzigire hakuwahi kupanda juu mwenyewe. Hakuona haja.

Halafu ikaja Marekani. Nzigire na Marcellin walipelekwa Louisville mwaka 2013, Emérence na watu wake wakapelekwa Buffalo, New York, mwaka uliofuata, kwenye ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao kule West Side, yenye ngazi zinazolia. Emérence alipata kazi Tonawanda, nje kidogo ya Buffalo, kwenye kiwanda cha vifuniko vya plastiki. Nzigire alifunga maboksi ghalani. Desturi yao ikahamia kwenye Watsapu. Mmoja alituma sauti, mwenzake aliilaza simu kifudifudi mezani, maana simu nayo ina uso, akasikiliza, akarudisha mkasi.

Mwezi wa kumi na moja Nzigire alipewa wimbo akiwa anapanga maboksi ya viatu. Aliuita "Mlango Mdogo." Nilibisha mlango mdogo, ukafunguka ukumbi. Jumapili iliyofuata aliutuma Buffalo. Alama mbili zikawa za bluu, kwa hiyo Emérence alikuwa amesikia. Nzigire akasubiri. Jumatatu, kimya. Jumatano, kimya. Wiki mbili. Akaelewa. Wimbo umekataliwa.

Angeukunja, kama alivyokunja nyingine tisa maishani mwake. Lakini huu haukukunjika. Ulimfuata bafuni, ulimfuata kwenye basi, hata Marcellin alianza kuuimba akinyoa ndevu. Mwezi wa pili Nzigire alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikwenda studio akaurekodi peke yake. Mpiga kinanda akamwambia, "Mama, kila mstari hapa mwisho kuna shimo." Nzigire akasema, "Jaza." Kinanda kikajaza.

Basi wimbo ukashika moto. Ndani ya miezi mitatu watu laki mbili na zaidi walikuwa wameutazama kwenye Yutubu, na kila mtu aliyempongeza alikuwa kama anamchoma sindano. Alipiga simu Buffalo. Aliyepokea kila mara alikuwa Gracieuse, binti mkubwa wa Emérence, anayejibu kwa Kiingereza hata ukimsalimu kwa Kiswahili: mama yuko kazini, mama amelala, mama atapiga. Mama hakupiga. Na Nzigire, tangu siku ile ya studio, hakumaliza wimbo mwingine. Alianza, akafika katikati, akajikuta anasubiri mkasi.

"Donc utaenda kufanya nini Columbus?" Marcellin aliuliza walipokuwa wamepita Cincinnati, mahindi yamesimama pande zote mbili za barabara. "Utamuomba msamaha mbele ya batu mia tano?"

"Nitamuomba pembeni. Akikubali, tutaimba. Akikataa, nitaimba zile za zamani na ile nitaiacha. Sitaiimba tena hata siku moja."

"Ile wimbo inayoleta batu kutoka Cleveland."

"Hiyo hiyo."

Marcellin alilipita lori moja, akasema, "Na kama hajakasirika?"

"Baba Salomon, mutu anayependa kuongea vile, miezi munane? Weye unamujua. Emérence anasalimia mpaka friji."

Kanisa la mchungaji Bisogo lilikuwa duka la mazulia zamani, na bado lilinuka mazulia. Akina mama walikuwa jikoni wanatwanga sombe, majani ya muhogo, vijana wanahangaika na nyaya za spika. Nzigire alipewa kiti, akapewa soda, akapewa mtoto wa mtu amshike. Ilipofika saa nane gari dogo la kijivu lenye namba za New York likaingia, na Gracieuse akashuka upande wa dereva. Kisha akashuka Emérence.

Alikuwa amekonda kidogo. Shingoni alikuwa amezungusha kitambaa cha kitenge, mizunguko miwili, na joto lote lile la Julai. Alimwendea Nzigire moja kwa moja, akamkumbatia, akambana sana mpaka mtoto aliyekuwa katikati yao akalalamika. Halafu akamwachia, akamtazama, akatikisa kichwa, akaenda kukaa safu ya nyuma kabisa. Hakusema hata habari za siku.

Nzigire akamfuata kwa macho. Kukumbatia ni kwa ajili ya watu kuona. Kunyamaza ndilo jibu lenyewe.

Mchungaji Bisogo, mtu mfupi mwenye haraka, alipiga makofi. "Bon, wapendwa wetu wamefika. Tuanze na 'Mlango Mdogo' tusikie sauti zinakaaje. Mama Nzigire, karibu."

Nzigire alisimama, akarudisha mtoto kwa mwenyewe. "Mchungaji, naomba dakika. Niko na neno na mama Gracieuse kwanza."

"Neno la muda gani?"

"Sijui."

Akamfuata Emérence safu ya nyuma, akamshika mkono, wakaingia chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Hakukuwa na viti vya watu wazima. Wakakaa kwenye vile vidogo vya rangi nyekundu na kijani, wanawake wawili wa miaka hamsini na kitu, magoti yakiwa karibu na videvu. Ukutani kulikuwa na safina ya karatasi na twiga wawili.

Nzigire hakuzunguka. Alikuwa amelipanga neno hili tangu mwezi wa pili.

"Uliikataa ile wimbo," alisema. "Nilisikia kimya chako, nikaelewa, na bado nikaenda kuiimba. Nilivunja njia yetu. Kama umechoka na miye, uko na haki. Ila uniambie kwa kinywa. Usininyamazie tena, nakuomba. Nimeshindwa hata kula."

 Emérence akaanza kufungua kitambaa, mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili. Chini yake, chini kabisa ya shingo, kulikuwa na kovu jembamba lililolala kutoka upande hadi upande, jekundu bado, kama mkufu uliobana.

"Sikuikataa," alisema.

Nzigire aligeuka kutazama mlangoni. Alidhani mwanamume ameingia. Hakuna aliyeingia.

"Ni miye," Emérence alisema kwa sauti ile ile, nzito, yenye mchanga ndani yake. "Njo vile niko sasa. Usiangalie mlango, hakuna mutu."

Akaeleza, pole pole, anapumzika kila baada ya maneno machache. Rovu lilikuwa limemwota shingoni tangu kambini, likakua kwa ndani mpaka likaanza kumzuia kumeza. Daktari alimwambia mapema kabisa, mkalimani akiwepo, kwamba mshipa wa sauti unapita palepale na unaweza kuumia. Akakubali, kwa sababu asipokubali atakosa pumzi. Walimpasua Jumatano. Jumapili, akiwa nyumbani kitandani na daftari la kuandikia, simu ikalia, ukaingia "Mlango Mdogo."

"Niliilaza simu kifudifudi kama kawaida. Nikasikiliza mara tatu. Nikataka kukujibu, ikatoka hewa. Fff. Kama tairi."

"Ungeandika."

"Niliandika. Nikafuta. Ningekuandikia nini? Ile wimbo yote uliiacha na nafasi yangu. Kila mstari, nafasi, nafasi, nafasi. Na miye ile sauti sina tena. Nikasema, nikimwambia, Nzigire atafanya nini? Namujua. Atashusha nyimbo zake zote zifike hapa kwenye nimebaki. Atapewa nyimbo za mgonjwa. Kila wimbo itakuwa Emérence pole, Emérence pole. Nikamkataza Gracieuse, nikamkataza baba yake. Kanisani nikasema kiwanda kimenipa kazi za Jumapili."

"Miezi munane."

"Nilifikiria wiki mbili, sauti itarudi. Ikarudi hii." Akacheka, na hata kicheko kilikuwa kimeshuka ngazi. "Halafu nikasikia umeirekodi. Nikafurahi, nakuapia. Siku ya kwanza. Siku ya pili nikaogopa. Nikasema, kumbe anaweza bila miye. Mara moja tu maishani hakunisikiliza, na njo hiyo dunia imependa."

 Kitu kilichokuwa kimekaa kifuani mwa Nzigire tangu mwezi wa kumi na moja, kizito kama boksi la viatu vya watu wazima, kilikuwa kinatelemka chenyewe. Hajakasirika. Hakukataa. Alikuwa mgonjwa, na amepona. Alijikuta anacheka, na machozi yanamtoka, na Emérence akamwambia, "Acha moja tu, mama Salomon," wakacheka wote mpaka Gracieuse akachungulia mlangoni, akawaona wamekaa kwenye viti vya chekechea, akafunga mlango tena.

"Sasa nikwambie kitu kingine," Emérence alisema alipopata pumzi. "Kile kinanda."

"Kinanda gani?"

"Ulichojazia nafasi yangu. Kinalia kama mbuzi amefungwa. Niliposikia nilitaka kupanda basi nije Louisville nikivunje."

"Mupiga kinanda alisema kuna shimo."

"Si shimo. Ni nyumba yangu ile." Akasogeza kiti chake mbele. "Sikia. Kule Tonawanda mashine yetu inaguruma siku nzima. Sisi wote tumeziba masikio, hakuna anayesikia mwenzake. Mwezi wa nne nikaanza kuimba mule. Nani atanicheka? Nikakuta ile mashine inaimba chini, mahali moja, haitoki. Nikaishikilia. Donc miezi mitatu nimeimba wimbo yako na mashine, kila siku, shifti nzima. Si juu. Chini. Hebu anza."

Nzigire akaanza mahali alipozoea, chini, kama anayezungumza. Nilibisha mlango mdogo. Emérence akaingia, na sauti mbili zikagongana palepale, zote zinataka kiti kimoja. Emérence akatikisa kichwa.

"Umekaa kwenye kiti changu. Toka. Panda."

"Miye sijapandaka."

"Najua. Miaka ishirini umenitumia kama ngazi. Sasa panda mwenyewe."

Nzigire alivuta pumzi akaanza juu. Sauti ilimtetemeka, ikakwaruza mstari wa kwanza. Mstari wa pili ikasimama. Hakujua kama anayo. Na mwisho wa mstari, katika zile pumzi tatu, sauti ya Emérence ilikuja kutoka chini, polepole, pana, ikamshika kama mtu anayeshikilia meza ili mwingine apande juu yake. Mlango ule wa wimbo, ambao kwenye Yutubu ulifunguka kwa huzuni, hapa ulifunguka kama mlango wa nyumba yenye watu. Walimaliza ubeti wa kwanza, wa pili. Walipofika wa tatu, Emérence akanyamaza.

Nzigire alisimama katikati ya neno. 

"Hapana, sijanyamaza hivyo," Emérence alisema upesi. "Nafikiri tu. Ngoja nikupe mgongo. Bon, viti hivi havigeuki vizuri. Fumba macho." Nzigire akafumba. "Ondoa ubeti wa tatu wote. Eti waliofunga milango wakaona aibu. Nani hao? Umekaa Newburg miaka mitatu, adui yako nani? Basi linalochelewa?"

"Ule ubeti batu wanaupenda sana. Wanapiga kelele."

"Wanapiga kelele juu ya jirani zao. Ondoa."

Nzigire alikaa na macho yamefungwa, akaupitisha wimbo kichwani bila ubeti ule. Ulikuwa mfupi, mwepesi, na uliishia ukumbini na si kwenye ugomvi. Miezi mitano alikuwa anauimba huku anahisi unachechemea mahali, asijue wapi.

"Umepita?" aliuliza.

"Umepita."

Mlango ukafunguka, mchungaji Bisogo akaingiza kichwa. "Wapendwa, vijana wa spika wanauliza kama neno limekwisha."

"Limekwisha," Emérence alimjibu, na mchungaji akatazama nyuma yake kuona ni mzee gani amesema.

Jumapili watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye madirisha. Wale wa Cleveland walikuja na simu juu tayari, wakisubiri filimbi. Nzigire alipoanza juu, kulikuwa na mnong'ono, watu wanatazamana, mama mmoja wa safu ya mbele akaangalia tangazo kwenye simu yake kama aliyekosea kanisa. Kisha Emérence akaingia kwa chini, bila kitambaa, kovu liko wazi. Mnong'ono ukaisha. Hakuna aliyepiga kelele. Mwisho wa wimbo walikaa kimya kwa muda mrefu hivi kwamba Nzigire, ambaye kimya kilimtesa miezi minane, alishangaa kuona hakimwogopeshi. Halafu mama yule wa mbele akasema, "Rudieni." Wakarudia. Wakarudia tena.

Baada ya ibada Nzigire alikula. Alikula sombe na samaki na wali, akaongeza sombe, akala na mandazi mawili aliyowekewa Marcellin. Marcellin alimtazama tu, akaenda kutafuta mengine.

Waliagana saa kumi na moja, mara tatu, ya kwanza jikoni, ya pili mlangoni, ya tatu dirishani mwa gari la Gracieuse aliyekuwa ameshawasha injini, kwa kuwa Buffalo ni mwendo wa saa tano na kesho yake mama yake anaingia kazini. Jua lilikuwa bado juu. Nzigire alipanda gari lao, akavua viatu, akaegemeza kichwa. Hawakuwa wamefika barabara kubwa simu ikaita.

"Si mumeagana sasa hivi?" Marcellin aliuliza.

Nzigire akaiweka simu kwenye spika, akailaza juu ya dashibodi. Sauti nzito ya Emérence ikajaa gari zima. Alikuwa amesahau kumwambia habari ya mpangaji wa chini, Mburundi mmoja, anayekaanga vitunguu alfajiri. Halafu habari ya theluji ya mwezi wa pili, iliyofunika gari mpaka wakafukua gari la jirani wakidhani ni lao. Halafu habari ya mkalimani wa hospitali, Mkenya, kijana wa watu, aliyekuwa anaogopa damu kuliko yeye. Alipumzika kila baada ya maneno machache, akaendelea.

Nzigire alisikiliza macho yamefumba. Karibu na mji wa Washington Court House usingizi ukamchukua, mdomo wazi kidogo.

"Nzigire, unasikia?" Emérence aliuliza.

Marcellin alimtazama mkewe, akapunguza mwendo kidogo.

"Anasikia," alisema. "Endelea tu, mama Gracieuse."